Waya wa Freni Kinywani mwa Mbenga

Nilikuwa nakula lituma, ndizi zilizochemshwa na kutwangwa, na samaki wa kuchoma kwa Mama Béa, karibu na bandari ya Makiso, hapa Kisangani, niliposikia mtu akisifiwa kwa samaki niliyemvua mimi. Nyuma yangu walikuwa wamekaa mabaharia wawili wa balenyere, zile mashua ndefu za mbao zinazopanda na kushuka mto na abiria na magunia. Mmoja alimwambia mwenzake kwamba safari ya kesho itajaa watu wa matanga. "Matanga ya nani?" "Ya ule muzee wa Yanonge, Papa Mbenga." "Ule mwenye kuuaka mbenga na ndobo?" "Njo yeye. Banasema samaki ilikuwa inamupita urefu." "Aa, batu ya zamani! Siye leo tunalobaka tu mpiodi ndani ya frigo." Walicheka, maana kuloba ni kuvua kwa ndobo, yaani ndoano, na mpiodi ni samaki wa barafu anayetoka baharini ndani ya katoni, na siku hizi ndiye anayelisha mji wetu uliozungukwa na maji. Mimi sikucheka. Niliweka tonge chini, nikatazama kiganja changu cha kuume. Kina kovu linalokikata kutoka kidole cha shahada hadi upande wa pili, jeupe, jembamba, limenyooka kama mstari wa daftari. Papa Mbenga ni Faustin. Kwa zaidi ya miaka hamsini sikuwa nimesema naye neno moja.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala na nani. Inatosha kusema kwamba nilifika Kisangani kutoka Maniema nikiwa na diploma ya sekondari, baiskeli moja na hofu ya maji, na kwamba mwaka huo wa kwanza ndio ulionifanya mtu niliye. Nilipata kazi ya ukarani katika nyumba moja ya usafirishaji ambayo haipo tena, na meza yangu iligusana na meza ya Faustin. Yeye alikuwa mtoto wa mto, wa familia ya wavuvi wa Yanonge, ila alikuwa amesoma kama mimi, na alivaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi kola ikasimama yenyewe. Wiki ya pili alinihamishia chumbani kwake, nyuma ya duka la vitambaa. Kilikuwa chumba cha kitanda kimoja na mkeka mmoja, tukipokezana kitanda wiki kwa wiki. Ukuta wa upande wa kushoto ulikuwa wa mbao nyembamba, na ng'ambo yake aliishi fundi cherehani na mke wake. Tulijua kila ugomvi wao. Mke akisema, "Weye unashona suruali ya batu yote, yako iko na tundu," Faustin alikuwa akijibu kwa sauti ya chini, kana kwamba ndiye fundi, "Bon, tundu ni ya hewa," nasi tulijifunika shuka mdomoni tusisikike. Sijawahi kucheka katika nyumba yoyote kama nilivyocheka katika chumba kile. Nasema hivyo mapema ili msomaji asidhani kwamba nilikuwa nikiishi na mtu mbaya.

Asubuhi nilimpakia nyuma ya baiskeli yangu mpaka kazini, maana Faustin hakujua kuendesha baiskeli wala hakutaka kujifunza. Nilijaribu kumfundisha Jumapili moja mbele ya kanisa, akaanguka mara mbili, akasimama na kujipangusa magoti mbele ya akina mama waliokuwa wakitoka misa. "Mutu wa mayi na velo, wapi na wapi?" akasema. "Miye nitakufundisha pirogi, weye utanibeba. Donc tuko sawa." Hivyo ndivyo tulivyoanza kuvua. Jumapili alasiri tulikodi mtumbwi mdogo mahali mto Tshopo unapoingia katika mto mkubwa, tukashusha nyuzi zetu kwa starehe tu, bila haja ya kuuza wala ya kula. Wavuvi wa kweli walipotupita na nyavu zao walitupigia kelele sisi makarani: "Ba-clerc banakuja kulisha samaki!" Na kweli tuliwalisha. Mimi nilikaa katikati ya mtumbwi, nimeshika kingo mbili, nikihesabu pumzi. Faustin aliniambia nitazame uzi tu, nisitazame maji. Ushauri huo ulinisaidia, na hofu ikapungua kiasi cha kuniwezesha kushika ndoano kwa mkono mmoja.

Alhamisi dada yake Agnès alikuja mjini na samaki wa moshi wa mama yake kuuza sokoni, na kabla ya kurudi alipita chumbani kwetu. Alipika lituma juu ya mbabula, jiko la makaa, uani, akitwanga ndizi zilizochemka kwa nguvu ambayo ilinyamazisha hata cherehani ya jirani. Alikuwa na namna ya kusikiliza huku ameinamisha kichwa, halafu kusema neno moja ambalo lilikuwa linatosha. Kufikia mwezi wa sita nilikuwa nazijua Alhamisi zote za kalenda. Nilimwambia Faustin, naye akafurahi, akaahidi kunisemea kwa baba yake. Jibu nililisikia nikiwa nje ya mlango wa ua, maana Agnès alilileta mwenyewe na akalitoa uani bila kujua kwamba nimerudi mapema. "Papa anasema hawezi kutoa mutoto yake kwa mutu mwenye kuogopa mayi," akamwambia kaka yake. "Anasema: mutu wa kavu, siku pirogi inapinduka, atashika nani? Atashika muke, bazame bote mbili." "Na weye?" Faustin akamuuliza. "Miye nasema nini? Alete samaki, Papa atanyamaza." Nikasukuma mlango, nikajifanya ndiyo kwanza nafika.

Samaki aliyesemwa hapo hakuwa wa kununua. Kwa familia ile, kijana aliyevua samaki mkubwa kwa mkono wake alimleta mzima mbele ya mzee, na mzee alimpa kichwa cha yule samaki ale mbele ya watu wote. Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kumwita mtu wa kavu. Lakini kulikuwa na sharti. Mvuvi hakuruhusiwa kujisimulia. Mzee aliuliza, "Nani alikuwa na kasia?" na yule aliyekuwa akipiga kasia siku hiyo alisimama na kuanza kwa maneno yale yale ambayo baba zao walianza nayo: "Mimi nilikuwa na kasia." Halafu alisimulia yote, na mwenye samaki alitazama chini kama mtu asiyehusika. Faustin alinieleza hayo kitandani, mimi nikiwa juu ya mkeka. "Donc weye unashika ndobo, miye nashika kasia. Nitakusimulia mupaka Papa analia," akasema. "Nikisema miye, Agnès iko yako."

Ijumaa kabla ya safari nilifanya jambo lililomchekesha sana. Tulikuwa tunataka mbenga, samaki mwenye meno ya mbwa ambaye hukata uzi wowote wa ndoano kama mtu anayekata mkate, na wavuvi wengi walikuwa hawamjaribu kwa ndoano. Mimi sikujua mto, lakini nilijua baiskeli. Nilifungua freni ya mbele ya baiskeli yangu, ndiyo pekee iliyokuwa nayo, nikachomoa ule waya wa ndani uliosokotwa, nikaufunga ndoano upande mmoja na uzi wa nailoni upande wa pili. Faustin alikaa juu ya kitanda na machozi ya kicheko. "Rafa! Unaenda kuloba ao unaenda kutengeneza velo? Mbenga akipita, utamupigia kengele?" Nikamjibu kwamba mbenga akitafuna chuma, nitaacha kuvua maisha yangu yote.

Jumamosi tulishuka kwa balenyere hadi Yanonge. Baba yake, Papa Bolamba, tulimkuta amekaa kwenye kigoda anatengeneza wavu, na hakuinua kichwa alipomsalimu mwanawe. Alimshika tu mkono, akaugeuza kama mtu anayekagua muhogo sokoni. "Mukono hii iko laini," akasema. "Iko sawa ya mama mwenye kuzaa jana." Watu waliokuwepo walicheka na Faustin alicheka nao, lakini nilimwona akiificha mikono mfukoni. Halafu mzee akanitazama mimi. "Na weye, unajua kuogelea?" "Hapana, Papa." "Bon. Ukianguka, angukia fasi moja, tusihangaike kukutafuta." Usiku huo tulilala kwenye chumba cha nyavu, na harufu ya moshi na kamba zilizolowa imenikaa puani mpaka leo.

Tuliondoka alfajiri, tukikwepa misa. Faustin alinipeleka nyuma ya kisiwa kimoja, mahali ambapo maji yanageuka na kurudi yalikotoka, yakizunguka polepole na kubeba majani. Ilikuwa asubuhi isiyo na upepo. Tulitumia samaki wadogo walio hai kama chambo. Naye alitupa uzi wake, maana hakuna mtoto wa mto anayeweza kukaa na kasia tu, na mara mbili uzi ule ulikakamaa, ukatetemeka, ukarudi mtupu, umekatwa. Mara ya pili alitukana kwa Kilokele, lugha ya kwao, na kuutupa ndani ya mtumbwi. Saa tatu hivi, wangu ukaondoka. Hakuna neno lingine. Ulikuwa mkononi mwangu, na mara ukawa unaondoka na mkono wangu ndani yake. "Usifunge!" Faustin akapiga kelele. "Mupe kamba! Mupe! Kaa chini, Rafa, utatuua!" Nailoni ilipita kiganjani ikichoma, halafu ikakata, nami niliona damu yangu ikidondoka juu ya goti lakini sikusikia uchungu. Yule samaki alituvuta. Mtumbwi wenye watu wazima wawili ulikokotwa dhidi ya mkondo, na Faustin akapiga kasia kumfuata, akiufanya mtumbwi ugeuke kila samaki alipogeuka. Alipiga kasia vizuri mno. Bila yeye ningezama au ningeachia. Hilo nalikubali leo kama nilivyolikubali siku ile. Mbenga aliruka mara moja tu, mwili wote nje ya maji, na nilipoona ukubwa wake ndipo nilipoanza kuogopa. Baadaye sana, jua likiwa juu, alikuja ubavuni mwa mtumbwi amelala upande, waya wa freni ukimetameta kati ya meno yake, haujakatika. Faustin alimpiga kwa mpini wa kasia, na kwa pamoja tulimwingiza ndani. Alikuwa mrefu kupita kimo cha kifua changu kutoka ardhini, na uzito wake uliufanya mtumbwi ukae chini kama wenye abiria wa tatu.

Tulikwenda kwenye ukingo wa mchanga wa kisiwa. Faustin alinikumbatia hadi miguu yangu ikaacha mchanga. "Semeki!" alipiga kelele. "Semeki yangu!" Neno hilo, shemeji, alilirudia mpaka ndege wakaruka kutoka mitini. Tulikula kwanga, mkate wa muhogo, na samaki mkavu tuliyefungiwa na mama yake, tukanywa maji ya mto kwa viganja, changu kikiacha wekundu. Halafu akasimama mbele yangu, akaweka kasia wima kama mkuu wa wilaya anayehutubia, akafanya mazoezi. "Mimi nilikuwa na kasia," akaanza kwa sauti nzito, "na rafiki yangu Raphaël, mutu wa Maniema, mutu wa kavu, asiyejua hata kuoga…" Nilimrushia mfupa. Akaanza upya, mara hii kwa makini, na akasimulia vizuri hata mimi niliyekuwepo nikatamani kujua mwisho wake. Kama maisha yangu yangesimama mahali, ningechagua mchanga ule, na saa ile, na mtu yule.

Jioni nyumba ya Papa Bolamba ilijaa. Mbenga alikuwa amepasuliwa na mama wa nyumba na wake za majirani, sehemu imefungwa majanini kuwa liboke, sehemu katika mchuzi wa mawese, na kichwa kimechemshwa peke yake kwenye sufuria kubwa. Kabla ya kula, Agnès alipita na beseni na birika, akawanawisha watu mmoja mmoja. Aliponifikia nilinyoosha mikono, akamimina, na maji katika beseni yakawa mekundu. Alisita. Birika ilibaki juu bila kumimina, kwa muda wa pumzi moja. Halafu akaendelea kwa mtu mwingine. Mzee alikaa mbele ya kichwa cha samaki. Aliingiza vidole kati ya yale meno, akavuta, akatoa waya wangu. Aliuinua kwenye mwanga wa taa. "Hii ni nini?" "Ni waya ya freni, Papa," Faustin akasema. "Ya velo." Mzee aliuzungusha, akaujaribu kwa meno yake machache. "Nani aliwaza hii?" Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu tufike, alimtazama mwanawe usoni. Mimi nilikuwa nimeshainamisha kichwa kama inavyompasa mwenye samaki. Nikasikia sauti ya rafiki yangu ikisema, "Ni miye, Papa."

Nilidhani ni mzaha, kwamba anaanza mbali ili afike karibu. "Na nani alikuwa na kasia?" mzee akauliza. "Ni Raphaël." Mzee akanigeukia, na watu wote wakanigeukia, wakingoja nisimame na kuanza. Nilimtazama Faustin. Macho yake hayakuwa ya mwizi. Yalikuwa ya mtu anayezama na kuomba mkono. "Basi, sema," mzee akasema. "Njo vile?" akaniuliza. "Weye ulikuwa na kasia?" Nikasema, "Ndiyo, Papa." Nikabaki nimekaa. Mzee alicheka kwa upole. "Mutu wa kavu hajue hata kusimulia," akasema, akavunja desturi ya nyumba yake mwenyewe, akamwacha mwanawe ajisimulie. Faustin alisimulia hadithi ile ile niliyoisikia mchangani, na kila kilichokuwa changu kilikuwa chake. Halafu baba yake alichukua kichwa kwa mikono miwili na kukiweka mbele ya mwanawe, na laiti mngemwona: mzee mkali, midomo ikimtetemeka kwa fahari. Faustin alikula. Nami nilikula kipande changu cha liboke, kwa mkono wa kushoto.

Nimelifikiria lile "Ndiyo, Papa" maisha yangu yote. Nilijiambia kwamba ni heshima ya mgeni, kwamba ni desturi, kwamba angerekebisha mwenyewe. Ukweli ni kwamba niliogopa. Watu waliokuwa wakinitazama nyumbani mule waliniogopesha kuliko maji, na niliachia. Chumbani, tuliporudi, Faustin hakulala. "Nitamwambia," akasema kutoka kitandani. "Nipe muda, Rafa. Noeli nitamwambia. Lakini uliona? Aliniangalia. Tangu nizaliwe hajaniangalia vile." Nilimwelewa, na ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba nilimwelewa vizuri. Alhamisi zikapita bila Agnès. Mwezi wa kumi na moja tulisikia, kutoka kwa mke wa fundi cherehani aliyekuwa akijua habari zote za mto, kwamba ameposwa na mfanyabiashara mmoja wa Isangi aliyefiwa na mke, mtu mwenye mashua zake. Niliendelea kumpakia Faustin nyuma ya baiskeli kila asubuhi. Freni ya mbele sikuinunua. Nilisimamisha baiskeli kwa kusugua kiatu barabarani, na soli ya mguu wa kushoto ikatoboka, na kila nilipovaa kiatu kile nilimkumbuka mbenga vizuri.

Sasa nifike kwenye langu. Mwezi wa kumi na mbili mvua kubwa ilinyesha mchana, na makasha ya daftari za shule yaliyokuwa bandarini yakaloa yote. Mkubwa wetu wa kazi alimwita Faustin, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa zamu. Faustin alisema kweli: kwamba alikuwa ameyafunika kwa turubai, kwamba tuliyafunika pamoja, yeye na mimi, tukafunga kamba kona zote, na kwamba baada yetu watu wa kupakia waliitoa turubai kufunika mizigo mingine. Mkubwa akaniita. "Huyu anasema mulikuwa naye." Nilimwona Faustin amesimama karibu na dirisha, shati lake jeupe limelowa mgongoni. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa anangoja niseme, kama mimi nilivyongoja mbele ya kichwa cha mbenga. "Hapana, shefu," nikasema. "Sikuwa naye." Faustin alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu la swali alilokuwa nalo siku nyingi. Aliachishwa kazi kabla ya jioni. Niliporudi chumbani, nguo zake hazikuwepo. Alikuwa ameniachia kitanda, ingawa ilikuwa wiki yake. Wiki iliyofuata nilipewa meza yake, iliyokuwa karibu na dirisha, na nilikaa hapo miaka ishirini na sita.

Kwa hiyo siku iliyofuata ile lituma ya Mama Béa nilipanda balenyere, mzee mwenye fimbo kati ya watu wa matanga, na nilishuka Yanonge nikishikwa mikono na watoto wa watu nisiowajua. Matanga yalikuwa chini ya turubai, viti vya plastiki vimepangwa, picha ya Faustin juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Alikuwa amezeeka vizuri. Mwanamke mmoja mnene mwenye mvi alikuwa anapita na beseni na birika, akinawisha wageni, na alipofika kwangu hakuniuliza jina. Alichukua mkono wangu wa kuume, akaugeuza. "Iko mupaka leo," akasema. Ndipo nikamjua. "Mama Agnès." "Ya Rafa," akajibu, yaani kaka Rafa. Alimimina maji polepole kuliko ilivyohitajika. Nikamuuliza, kwa sababu katika umri wetu hakuna muda wa kuzunguka, "Siku ile uliona?" "Niliona damu. Ya Faustin mikono yake ilikuwa safi sawa ya padiri." "Mbona haukusema?" Alinitazama bila hasira. "Mudomo ilikuwa yako. Nilingojea weye useme, miye niseme nyuma yako. Ukasema 'Ndiyo, Papa.' Bon, nikajiuliza: kama anaachilia samaki, miye atanishika na nini?" Nikamuuliza kama Faustin aliwahi kusema lolote. "Alikuwa anasimuliaka tu," akasema. "Kila mwaka samaki inakuwa murefu." "Na mimi ndani yake?" "Mwanzo ulikuwa na kasia. Kisha, miaka ilienda, kasia nayo ikapotea. Alikuwa yeye peke yake ndani ya pirogi." Akachukua beseni lake, akaenda kwa mgeni wa pili.

Mtoto mkubwa wa Faustin, mtu wa miaka arobaini na kitu, alikuja kunisalimu kwa adabu na kuniita tonton, mjomba, aliposikia kwamba nilifanya kazi na baba yake Makiso. Aliniingiza ndani. Juu ya mlango wa chumba, kwenye msumari, uliningʼinia waya wangu, umeshika kutu, ndoano bado mwishoni. "Unaona, tonton? Ni hii njo ilishika mbenga. Ni freni ya velo ya papa." Nilimuuliza kama baba yake alikuwa na baiskeli. "Zamani, kule Makiso," akasema. "Anasema alikuwa anaikimbiza hakuna mutu wa kumufuata." Nikamwona Faustin amekaa nyuma yangu, mikono yake kiunoni mwangu, miguu imenyanyuliwa isiguse matope, akinipigia kelele nipunguze mwendo. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu tayari. Nilikuwa na kovu la kuonyesha. Nilikuwa na shahidi, amesimama pale nje na birika.

Tulipotoka watu walikuwa wamenyamaza. Mzee wa ukoo alisimama mbele ya picha, kasia la marehemu mkononi, kwa maana kwao mvuvi hazikwi kabla samaki wake mkubwa hajasimuliwa, na hasimuliwi na watoto. Huulizwa mara tatu. Asipojibu mtu, kasia huvunjwa na hadithi inaingia kaburini na mwenyewe. "Nani alikuwa na kasia?" akauliza. Upepo ulitikisa turubai. Mtoto wa Faustin alitazama chini. Alikuwa anajua, kama wote, kwamba baba yao alikuwa peke yake. "Nani alikuwa na kasia?" Mzee alikwisha kushika kasia kwa mikono miwili, sawa na goti lake. Nilimwona Agnès upande wa pili ameinamisha kichwa, anasikiliza kama alivyokuwa akisikiliza uani kwetu. Uchungu wangu haukuwa umeondoka. Ulikuwa mzima, wa siku ile ile, na nilijua nitarudi nao Kisangani. Lakini nilikumbuka pia shati jeupe lililolowa mgongoni, na mtu aliyesimama dirishani bila wasiwasi, akiningoja. "Kwa mara ya mwisho, nani alikuwa na kasia?"

Niliegemea fimbo, nikasimama. Nikafunga kiganja changu cha kuume, kovu likabaki ndani.

"Mimi nilikuwa na kasia," nikasema. "Nilikuwa naye."